Pindo

Jumanne ni siku ya kupima.
Viatu nawavua mimi mwenyewe, kwa sababu
mtoto mfupi huvaa soksi mbili, na karatasi kisiginoni,
na mama huangalia pembeni kana kwamba hajui.
Visigino ukutani. Mgongo. Kisogo.
Tazama mbele, namwambia, mtazame yule nzi.
Nashusha ubao mpaka nywele zilale,
kisha nasoma namba kwa sauti ya chini
kama mtu anayesoma deni la mwenzake.

Nderingo Kiwaria, wa Kiborloni, miaka kumi na miezi miwili:
mia moja kumi na tatu, nukta sita.
Mdogo wake wa kike, aliyemsindikiza,
amempita kwa sikio zima.

Tumetafuta kila mahali.
Homoni ipo. Tezi ya shingo haina neno.
Damu safi, choo safi, moyo unagonga sawasawa.
Anakula: mtori, maharage, na ugali wa jirani.
Picha ya mkono wa kushoto inaonyesha vifupa
vya mtoto wa miaka minane, vimeachana
kama mawe ya kuvukia mto Rau wakati wa kiangazi.
Mwisho wa fomu kuna kisanduku: sababu haijulikani.
Mwaka huu nimekitia alama mara arobaini na moja
na mkono bado haujazoea.

Dokta Temba anataka miaka ya nyuma.
Namba moja ni nukta, anasema, haina mwendo;
nipe tatu nikuchoree njia.
Lakini kadi ya kliniki ililowa masika, ikawa uji.
Shule ina mahudhurio na michango. Urefu, hakuna.
Bibi yake anakumbuka tu alizaliwa
mwaka ule ng'ombe alizaa mapacha.

Ni yule mdogo aliyesema: Fundi anajua.

Nyuma ya vilima vya mitumba, chini ya bati lenye kutu,
Mama Eliaichi hushona sare za shule tatu.
Alitoa daftari lililoliwa pembe na mende,
na humo, kila Januari, kwa penseli:
Nderingo, kaptula, kumi na moja.
Nderingo, kumi na moja na robo.
Nderingo, kumi na moja na robo.
Nderingo, kumi na moja na nusu.
Inchi. Nilikaa juu ya gunia la vipande
nikazigeuza sentimita kiganjani, kwa kalamu,
nikijua kabisa kaptula si mtu.

Kisha akaileta yenyewe, ya bluu, imekuja kubadilishwa zipu.
Akaipindua.
Naachaga pindo la vidole vitatu, alisema,
nani ana hela ya sare kila mwaka? Mtoto akirefuka, nafumua.
Robo inchi haifumuliwi.
Za wenzake zina mistari iliyofifia, mmoja juu ya mwingine,
pale pindo lilipokuwa likiishi.
Hii, uzi ni ule ule niliofunga akiwa darasa la kwanza.
Ndani ya pindo kitambaa kilikuwa bluu ya dukani,
hakijawahi kuliona jua.

Dokta alisema pindo si kipimo. Ni kweli.
Alikaa kidogo, akageuza kikombe kisicho na chai,
akauliza hivyo vidole ni vya nani, vinene au vyembamba,
na akaviandika, kwa penseli, pembeni mwa mchoro.

Miezi sita baadaye: mia moja kumi na tano, nukta moja.
Nilipima mara tatu. Nilimwomba nesi naye apime.
Nimeongezeka? aliuliza.
Nikamwonyesha kwa kidole: hivi. Upana wa ukucha wa gumba.
Aliutazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Fundi kashafumua, akasema. Upande wa kulia tu.
Wa kushoto ni Ijumaa, uzi ulimwishia.

Akavaa viatu vyake mwenyewe, akatoka mbio ukumbini,
mguu mmoja wa kaptula mrefu kuliko mwenzake,
na chini yake, ukanda mwembamba wa bluu mpya.